Kwanza Lifungue Sanduku la Santuri

Anayetafuta mashine ya santuri ya bei nafuu kwa kawaida huanza na mashine yenyewe: ya mbao au ya plastiki, ina blututhi au haina. Angefanya vema kuanza na sanduku. Tuseme sanduku hilo limo katika nyumba moja ya Nyakiriba, wilayani Rubavu, nchini Rwanda, na mzee aliyelijaza alikuwa mtu wa rumba, akinunua kila alipopata nafasi upande huu wa mpaka na ule wa Goma. Likifunguliwa, vinatoka vitu vya zama tatu. Zimo santuri nzito zinazovunjika kama kigae. Zimo ndogo, baadhi zikiwa na tundu pana katikati. Zimo kubwa na nyepesi, zenye picha ya bendi kwenye jalada. Mashine inayofaa ni ile inayoweza kupiga zilizo nyingi humo, na mara nyingi siyo ile inayopendeza dirishani mwa duka.

Zile nzito ni za kasi ya 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika. Zilitengenezwa kwa sheleki, gundi ngumu inayotokana na mdudu wa huko India, ikachanganywa na unga wa mawe. Kampuni ya Ngoma, iliyofunguliwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1948 na Mgiriki Nicolas Jéronimidis, ilianza na santuri za namna hiyo. Gitaa la Mwenda Jean Bosco, lililorekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo, nalo lilisambaa kwa 78 zilizotolewa na Gallotone.

Mwaka huohuo wa 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilileta santuri ya plastiki ya mizunguko 33⅓, ambayo wengi huiita elpii. Mwaka uliofuata RCA Victor ikajibu kwa ile ndogo ya mizunguko 45. Afrika Mashariki na Kongo ziliipenda sana ndogo hiyo. Upande mmoja haubebi zaidi ya dakika chache, kwa hiyo bendi za Wakongo waliohamia Nairobi, kama Les Mangelepa na Super Mazembe, zilizoea kuukata wimbo vipande viwili: mashairi upande wa kwanza, sebene, ile sehemu ya magitaa na dansi, upande wa pili. Mcheza dansi alikuwa hana budi kusubiri mtu ageuze santuri. Elpii iliondoa usumbufu huo, na mwanarumba Franco alipotoa “Mario” mwaka 1985 alipata nafasi ya kumsema yule kijana mlaji wa jasho la mwanamke kwa zaidi ya dakika 10 mfululizo.

Kasi tatu, basi. Lakini kasi ndiyo sehemu rahisi ya hesabu. Ngumu ni sindano.

Mfuo wa 78, yaani mstari ambamo sindano hupita, ni mpana. Unahitaji ncha yenye nusu kipenyo cha maikromita 65 hadi 76 hivi, wakati ncha ya kawaida ya elpii ni maikromita 18. Sindano ya elpii ikiwekwa kwenye 78 huzama mpaka sakafuni mwa mfuo, ikasuguana na taka za miaka 60, na kinachosikika ni mkwaruzo mwingi kuliko wimbo. Sindano ya 78 ikiwekwa kwenye elpii hufanya ubaya mkubwa zaidi: haiingii kwenye mfuo, inapanda juu ya kuta zake na kuzichana. Ndiyo maana maneno “kasi tatu” yaliyoandikwa kwenye boksi hayatoshi. Cha kuuliza dukani ni kama sindano inachomoka, na kama ya 78 inapatikana kwa kichwa cha mashine hiyo, yaani kile kinachoshika sindano.

Kwa swali hilo, mashine za mkoba, zile zinazofungwa kama begi na spika zake humo ndani, huanza kuonekana ghali hata kama bei yake ni ndogo. Nyingi zina kichwa cha seramiki kinachoikandamiza santuri kwa gramu 5 au zaidi, na mkono wake hauna uzito wa kurekebisha. Haziharibu santuri kwa siku moja, kama wanavyotishia wapenzi wa vyombo vya bei mbaya. Ila mtu mwenye nakala pekee ya wimbo asingependa kuipitisha chini ya mkono huo kila Jumapili.

Ngazi ya juu kidogo ipo Audio-Technica AT-LP60X, mashine ya mkanda inayonyanyua mkono wake yenyewe. Ina kasi mbili tu, 33⅓ na 45, na uzito wa mkono umefungwa kiwandani. Kwa sanduku lisilo na 78 inatosha kabisa, na sindano yake mpya inapatikana kwa bei ya kawaida. Dada yake mkubwa, AT-LP120XUSB, ana kasi zote tatu, mota inayozungusha sahani moja kwa moja bila mkanda, uzito wa kurekebisha nyuma ya mkono, na kichwa cha familia ya VM95 ambacho sindano zake hubadilishwa kwa vidole. Ya elpii inatoka, ya 78 inaingia, bila bisibisi. Bei yake ni kubwa zaidi, na hapo kila mmoja ajihesabu.

Njia ya tatu ni mtumba: Philips, Dual, Technics na Sony za miaka ya 1970 na 1980. Nairobi, katika Soko la Kenyatta, James Rugami, anayejulikana zaidi kwa jina la Jimmy, anauza santuri tangu mwaka 1989 na hutengeneza pia mashine za kuzipigia, jambo linaloonyesha kwamba vyuma vya zamani havijafa. Mnunuzi azungushe sahani kwa mkono asikilize kama inakwaruza. Aushike mkono wa sindano kwa wepesi kando ya egemeo na kuutikisa kidogo. Ukicheza, aiache mashine hapo hapo. Mkanda uliolegea na grisi iliyokauka ni kazi ya mchana mmoja kwa fundi. Egemeo lililokufa halina dawa.

Mashine nyingi za zamani zina mota inayofuata mapigo ya umeme wa ukutani, na hili huwaponza wengi. Rwanda, kama Kongo na Kenya, inatumia umeme wa hezi 50. Marekani hezi 60. Mashine ya Kimarekani yenye mota ya namna hiyo, hata ikiwekewa transfoma ya kushusha volti 230 kuwa 120, itazungusha elpii kwa mizunguko 27.8 badala ya 33⅓. Sauti inashuka kiasi cha nusu-nota tatu, na mwimbaji Tabu Ley, mwenye koo nyororo, anageuka kuwa jitu lenye usingizi. Transfoma hubadili volti, haigusi mapigo. Kwa mtumba wa aina hiyo, uliotoka Ubelgiji au Ujerumani una nafasi nzuri zaidi Rubavu kuliko zawadi ya ndugu aliyeko Ohio. Mashine mpya zenye adapta na mota ya umeme wa moja kwa moja (DC) hazina tatizo hilo.

Kasi inaweza kupimwa bila chombo chochote cha fundi. Kipande cha karatasi nyeupe kinabandikwa ukingoni mwa sahani, saa ya simu inawashwa, na mizunguko inahesabiwa: 100 kwa dakika 3 kamili ni 33⅓, 45 kwa dakika moja ni 45. Ikizidi au kupungua kwa mzunguko mmoja katika hiyo 100, kosa ni asilimia moja, na masikio mengi hayataligundua.

Kinachofuata ni uzito wa sindano juu ya santuri, na hapa ndipo mashine ya wastani iliyopangwa vizuri inapoishinda ya gharama iliyotolewa tu kwenye boksi. Kitufe cha kuzuia mvuto wa pembeni kinarudishwa kwenye sifuri. Kifuniko cha sindano kinatolewa, na uzito wa nyuma unazungushwa polepole mpaka mkono uelee wenyewe hewani, usiinamie mbele wala usiangukie nyuma. Bila kuusogeza uzito, pete yenye namba inazungushwa peke yake mpaka isome sifuri. Kisha uzito na pete vinazungushwa pamoja mpaka namba anayotaka mtengenezaji, ambayo kwa VM95E ni gramu 2, na kitufe cha kuzuia mvuto kinawekwa kwenye namba iyo hiyo. Mwenye shaka atumie mizani midogo ya kidijitali, ile inayopima sehemu ya gramu, ambayo wapima dhahabu wanaijua vizuri. Kupunguza uzito kwa huruma ni kosa la kawaida: sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfuo, na kila mruko ni kidonda kidogo. Gramu 2 thabiti huilinda santuri zaidi kuliko gramu 1 inayoyumba.

Karatasi ya kupangia pembe ya kichwa huchapishwa bure, mradi ichapishwe kwa ukubwa wake halisi, asilimia 100, bila printa kuipunguza ili itoshee ukurasa.

Inabaki sauti. Nyumba nyingi zina sabufa, na sabufa inatosha, ila mashine isiunganishwe nayo hivihivi. Kichwa cha sumaku hutoa milivolti 3 hadi 5 tu, chini mno kwa tundu la kawaida. Zaidi ya hapo, tangu kipimo cha RIAA cha mwaka 1954, santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti kali ikiwa imeongezwa, ili mfuo usiwe mpana kupita kiasi na mkwaruzo uzimike. Kikuza sauti cha awali huirudisha hesabu hiyo mahali pake. Kisipokuwepo, gitaa la Dr Nico linasikika kama linatoka kwenye redio ya jirani, bila besi. Mashine zote mbili za Audio-Technica zilizotajwa zina kikuza hicho ndani, pamoja na swichi ya nyuma inayotakiwa kuwa LINE. Mtumba wa zamani utahitaji kijisanduku chake pembeni, na waya wake wa ethi ufungwe, la sivyo spika itanguruma.

Sabufa na mashine visikae juu ya rafu moja. Besi hutikisa rafu, rafu hutikisa sindano, sindano hurudisha mtikisiko kwenye sabufa, na ngurumo hujilisha yenyewe mpaka mtu akimbilie kuzima. Rafu iliyopigwa ukutani ni bora kuliko meza iliyo juu ya sakafu ya mbao. Ilazwe kwa pima maji, pande zote mbili. Rubavu kuna sababu nyingine ya kukaza skrubu za rafu hiyo. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba Gisenyi na Goma. Mashine isipotumika, mkono ufungwe kwenye kishikizo chake, na kifuniko kishushwe, kwa kuwa vumbi la udongo wa volkano lina chembe ngumu zinazokwaruza.

Santuri za plastiki huoshwa kwa maji yaliyochemshwa kuwa mvuke na kupozwa, tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini, kufuata mzunguko wa mifuo. 78 zioshwe vivyo hivyo, lakini spiriti isizikaribie: huyeyusha sheleki, na wimbo pamoja nayo.

Na mwenye AT-LP60X aliyekuta 78 nne au tano humo sandukuni hana haja ya kununua mashine nyingine. Zipo sindano pana za viwanda vingine zinazoingia kwenye kichwa chake. Santuri inapigwa kwa kasi ya 45, sauti inaingizwa kwenye kompyuta, na programu ya bure kama Audacity inaongeza kasi mara 1.733, ambayo ni 78 kugawanya kwa 45. Za kabla ya mwaka 1954 hazikufuata kipimo cha RIAA, kwa hiyo mara nyingi sauti kali hutoka imefifia. Mtu aipandishe kwa sikio lake, taratibu, mpaka nyuzi za gitaa zisikike moja moja.