Kununua Baiskeli ya Magadi na Kurudi

Ukitoka Kibera ukashika Lang'ata, Rongai na Kiserian, Magadi iko kilomita 100 hivi mbele yako. Barabara inaanguka kutoka karibu mita 2,000 juu ya bahari, pale Corner Baridi, hadi mita 600 na kitu. Kwenda ni kazi ya breki. Kurudi ni kazi ya gia na magoti. Anayeanzia Kawangware ana njia yake: Kikuyu, ambako David Kinjah alimfundisha kijana Chris Froome kabla hajanyakua Tour de France mara 4, kisha Limuru na mteremko wa Mai Mahiu. Njia zote mbili huumbua baiskeli mbovu.

Wengi wetu tunanunua mtumba, na kwenye mtumba ule usemi kwamba chema chajiuza hausaidii: kibaya nacho hujiuza kikipigwa rangi upya. Kwa hiyo tenganisha kasoro ambazo fundi ataziondoa na zile zitakazomshinda. Za kwanza zikupunguzie bei. Za pili zikuondoe pale.

Saizi

Fremu isiyokutosha hakuna fundi wa kuirefusha wala kuifupisha. Simama, fremu iwe katikati ya miguu: bomba la juu lisikuguse. Kisha kalia kiti, mwenzako akishikilia, uweke kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka, kiti kiko sawa, kwa sababu ukija kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo goti litapinda kidogo. Shika usukani. Ikiwa unajivuta kuufikia, saa ya tano barabarani shingo na viganja vitakudai.

Unyoofu

Nenda na uzi, rula na sumaku. Funga uzi kwenye fremu pale ekseli ya nyuma inapokaa, upitishe mbele ya shingo ya usukani, uurudishe upande wa pili hadi nyuma tena, ukaze. Sasa pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Zikilingana, fremu imenyooka. Zikipishana milimita kadhaa, hiyo imewahi kugongwa, hata kama muuzaji anaapa. Papasa pia chini ya mabomba, karibu na shingo: rangi iliyokunjamana au kauvimbe kadogo ni alama ya ajali. Rudisha, uende zako.

Sumaku ikinata, ni chuma. Chuma kikipasuka, mchomeleaji wa Kiserian atakirudisha kazini. Alumini ni nyepesi, lakini huchomelewa kwa mashine maalumu, na moto huidhoofisha. Ukikuta kibandiko cha Reynolds 531, bomba la Kiingereza lililotoka 1935, furahi kiasi. Vibandiko hubandikwa na yeyote. Inua baiskeli uone kama uzito unakubaliana na maneno.

Magurudumu

Inua nyuma, zungusha, ukodolee nafasi kati ya rimu na raba ya breki. Rimu ikiyumba kidogo, fundi ataikazia spoku. Tazama na ncha ya ekseli: ikicheza duara, imepinda. Hili ni gonjwa la habu za friwili ya kufunga kwa nyuzi, kwa kuwa gololi za upande wa cheni hukaa mbali na fremu na ekseli hubeba uzito peke yake. Hubadilishwa kwa bei nafuu. Kisha pitisha ukucha mahali breki inaposhika. Rimu iliyobonyea ndani imelika, na mteremko wa Magadi si mahali pa kuigundua.

Soma namba za tairi. 700C na inchi 27 zinapishana milimita 8 tu za kipenyo, lakini moja haivaliki kwenye rimu ya nyingine. Inchi 26 za baiskeli za mlimani na 28 za baiskeli za mizigo ziitwazo Black Mamba ndizo rahisi kupata nje ya jiji.

Cheni na gia

Weka rula kwenye cheni, pini hadi pini. Cheni mpya ina inchi 12 kamili kwa pingili 12 nzima. Ikizidi 1/16 ya inchi, imekwisha. Ikizidi 1/8, imekula na meno ya gia.

Muuzaji atakuhesabia gia 21. Wewe hesabu meno mawili tu: gia ndogo ya mbele na kubwa ya nyuma. Zikiwa 28 kwa 28, pedeli moja ni mzunguko mmoja wa gurudumu, na kwa hiyo unapanda ukiwa umekaa. Black Mamba ni hodari wa mzigo, ila gia yake moja itakushusha uisukume.

Usihangaike na wepesi. Katika safari ndefu za baiskeli ziitwazo Audax, kilomita 200 zina saa 13 na nusu, chini ya 15 kwa saa, vituo vikiwemo. Muda hupotea kwenye pancha na breki, si kwenye kilo mbili za fremu.

Ukishalipa, mpelekee fundi siku hiyo hiyo: gololi zioshwe zipakwe grisi mpya, kebo na raba za breki zibadilishwe. Mlipe kwa kile ulichopunguziwa.