Mbali, Umbali, na Mwendo: Neno Moja Halitoshi

Jambo lililonitia kalamu mkononi ni kosa langu mwenyewe, nami nalitaja kwanza ili msomaji asidhani kwamba nimekuja kuwalaumu wengine hali mimi sina doa.

Niliwapa watoto wa darasa langu swali hili: "Andika umbali wa kutoka kwenu hata shuleni." Wengi waliandika kilomita, kama walivyofundishwa. Mtoto mmoja akaandika: "Wakati wa kiangazi ni mwendo wa saa moja, wakati wa masika ni mwendo wa saa mbili na zaidi." Nikamtilia alama ya kosa, kwa kuwa niliuliza umbali, na umbali wa nyumba haubadiliki kwa mvua. Siku chache baadaye bibi yake alipita shuleni, akanieleza ya kwamba mto ulio kati yetu ukijaa hauvukiki pale penye njia ya kawaida. Yapasa kupanda juu hata kivukoni, kisha kurudi upande wa pili. Ndipo nilipokumbuka ya kuwa mtoto yule nilikuwa nimemwadhibu mara nyingi kwa kuchelewa, maana katika daftari langu aliandikwa kuwa kwao si mbali: kilomita tatu tu. Jibu lake lilikuwa kweli, na swali langu ndilo lililokuwa na upungufu. Tangu siku hiyo nimelichunguza neno hili, na hapa naleta niliyoyaona.

Tuanze na neno lenyewe, mbali. Watu wengi hulidhani kuwa ni neno la mahali tu, kinyume cha karibu. Walakini tukiyasikiliza mazungumzo ya kila siku, twaona kwamba kazi zake ni nyingi. Twasema "kwao ni mbali," na hapo ni mahali. Twasema "sikukuu i mbali bado," na hapo ni wakati. Twasema "huyu ni ndugu yangu wa mbali," hata kama nyumba zetu zimegusana kuta; hapo ni nasaba. Twamsifu mzee kwamba "aona mbali," naye pengine macho yake hayaoni hata mlango. Hapo ni busara. Twasema "weka fedha hizi mbali na zile," nazo zote zimo katika sanduku moja. Hapo maana yake ni kutenga. Likirudiwa, mbalimbali, maana yake ni namna nyingi zisizofanana. Tena likifuata kitenzi cha kutendea, kama kutupilia mbali, kuulia mbali, au kufia mbali, halina habari ya mahali hata kidogo; maana yake ni kabisa, pasipo kusaza.

Je, maana hizi zote zatoka katika shina moja? Mimi naona kwamba ndiyo, na shina lenyewe si urefu wa njia, bali ni utengano. Kitu kilicho mbali ni kitu kilichotengwa na mimi, iwe kwa njia, kwa siku, kwa damu, au kwa namna yake. Katika lugha ya Kinyanja, ya ndugu zetu wa upande wa Ziwa Nyasa, neno mbali lina maana ya upande, au sehemu ya kitu. Na kwa kusema mahali palipo mbali wao hutumia kutali. Sisemi kwamba neno lao na letu lazima liwe moja, maana maneno hufanana pengine kwa bahati tu. Lakini likiwa moja, basi laonyesha vizuri jinsi wazo la upande mwingine lilivyoweza kuwa wazo la mahali pasipofikika upesi.

Sasa tuangalie umbali. Neno hili limeundwa kwa kutia u- mbele ya mbali, kama vile karibu huzaa ukaribu. Muundo wake ni halali, wala sioni sababu ya kulikataa. Faida yake ni kubwa katika hesabu na jiografia, kwa kuwa mwalimu ahitaji jina la kipimo kilicho kati ya mahali pawili, kisichojali mto, mlima, wala miguu ya msafiri. Ninalolilaumu ni kulitumia umbali mahali pa mwendo, mpaka mwendo wafukuzwa nyumbani mwake.

Tofauti yake ni hii. Mwendo watoka katika kwenda. Hauko pasipo mtu wa kwenda. Ukisema "mwendo wa siku mbili," umekwisha kumtaja msafiri, mzigo wake, njia yake, na mahali atakapolala. Umbali haumjui msafiri. Mfano ulio wazi ni ile njia ya zamani ya kutoka pwani ya Bagamoyo hata Ujiji. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Ujiji mwezi wa Februari 1858. Yaani miezi minane. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma, iliyo jirani ya Ujiji, mwaka 1914. Na safari ile ya miezi ikawa ya siku. Je, nchi ilikunjwa? La. Umbali haukupungua hata shibiri moja, bali mwendo ndio uliofupika. Mwalimu asiyeyatenga maneno haya mawili hawezi kuwaeleza watoto jambo hilo, wala hataona ajabu iliyomo ndani yake.

Kwa sababu hiyo pia nina shaka juu ya usemi wa "umbali mrefu," ambao siku hizi husikika kila mahali na kusomwa magazetini. Mwendo waweza kuwa mrefu, na njia yaweza kuwa ndefu, kwa maana ni vitu vinavyonyoshwa. Umbali wafaa kuwa mkubwa au mdogo, kama vile uzito. Najua kwamba wengi hawatanifuata katika hili, na desturi ya watu wengi ina nguvu kuliko kalamu ya mwalimu mmoja. Lakini wajibu wetu ni kuonyesha palipo sawa, hata kama mto umekwisha kujaa.

Neno la tatu ni masafa, tulilolipata kwa Waarabu, nalo kwa asili lina maana ya nafasi iliyo kati ya mahali na mahali. Siku hizi limegawanyika njia mbili. Wanaohadithia michezo husema "mbio za masafa marefu," na hapo limekaa vizuri katika maana yake ya zamani. Lakini wahandisi wa redio hulitumia kwa hesabu ya mawimbi yanayopita katika sekunde moja. Hapa pana jambo la kushangaza: wimbi likiwa refu zaidi, hesabu yake kwa sekunde huwa ndogo zaidi, hivyo neno lililozaliwa kuwa jina la urefu limepewa kazi ya kutaja jambo linalopungua kadiri urefu unavyozidi. Sidhani ya kuwa twaweza kulirudisha, maana limekwisha kukubaliwa na watu. Illa mwalimu wa sayansi na awaonye wanafunzi wake, wasije wakalichukua neno la uwanja wa michezo na kuliingiza katika somo la mawimbi pasipo kujua.

Yafaa tukumbuke pia jinsi wazee wetu walivyopima. Kwa nguo, kamba na mbao walikuwa na vipimo vya mwili: shibiri, mkono, ambao ni shibiri mbili, toka kisigino cha mkono hata ncha ya kidole cha kati, wari, ambayo ni mikono miwili, na pima, ambayo ni mikono minne. Walikuwa na dhiraa konde pia, iliyopimwa hata vifundo vya ngumi iliyofumbwa. Bali kwa njia hawakupima kwa mwili uliosimama, walipima kwa mwili unaokwenda: vituo, kambi, na mahali pa jua angani. Mtu alikuwa akiinua mkono na kusema, "Ukiondoka sasa, utafika jua likiwa hapa." Kwa mtu mwenye miguu, hicho ndicho kipimo cha hakika. Na hata leo mtu akitaja mahali, huvuta sauti yake kwa kadiri ya njia: pale ni karibu, paleee ni mbali, na sauti ikivutwa mpaka pumzi ikwishe, mgeni na atafute mahali pa kulala kwanza.

Hapa niingize neno juu ya adabu, kwa kuwa pasipo adabu maana haikamiliki. Mgeni akiuliza njia, mwenyeji hujibu, "Si mbali, ni hapo tu." Wageni wengi wamelalamika kwamba jibu hili ni uongo. Si uongo, ni faraja. Mwenyeji hapimi njia, apima moyo wa msafiri, asije akakata tamaa. Vilevile karibu, lililotoka katika Kiarabu kwa maana ya ukaribu, limekuwa jibu la hodi. Kumkaribisha mtu ni kuondoa umbali uliopo kati yenu, ingawa amekwisha kufika mlangoni. Lakini faraja hii ina hatari yake. Akiuliza mtu aliyebeba mgonjwa, "Zahanati i wapi?" naye akajibiwa, "Si mbali," huenda akaacha kutafuta gari, na usiku ukamkuta njiani. Kwa swali la namna hiyo tuwafundishe watoto kujibu kwa saa, kwa vivuko, na kwa milima. Na adabu waiweke katika salamu.

Sasa nirudi kwa vitabu. Kamusi zetu kuu, tangu ile ya Krapf iliyotolewa mwaka 1882, na zile za Madan za mwaka 1894 na 1903, hata ile ya Johnson ya mwaka 1939, zilitungwa kwa kuwasaidia watu wa lugha nyingine kukijua Kiswahili, nazo zimetufaa sana. Asiyeshukuru ni mjinga. Lakini kitabu chenye lugha mbili kina tabia yake: neno la kigeni husimama upande mmoja kama mwenye duka, na maneno yetu hupanga mstari mbele yake kama wanunuzi. Umbali, mwendo, masafa, na nafasi yakipangwa mbele ya neno moja, msomaji hudhani kwamba yote ni sawa, achukue lolote. Ndivyo nilivyodhani mimi nilipoliandika swali langu ubaoni. Dawa yake ni kamusi inayoeleza Kiswahili kwa Kiswahili, kama ile Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, na zaidi ya hiyo, ni sikio la mwalimu mwenyewe.

Ndugu zangu mnaofasiri na kuhubiri nao wanalo la kuangalia. Katika habari ya mwana mpotevu, iliyo katika Luka sura ya 15, jambo la kuwa mbali latajwa mara mbili: kwanza kwa nchi aliyokwenda mwana, kisha pale baba alipomwona njiani akirudi. Mbali ya kwanza ni ya kujitenga, na mbali ya pili ni ya macho, ambayo baba huimaliza kwa mbio zake. Neno letu lazibeba zote mbili pasipo taabu, kwa kuwa ndani yake mna njia na mna utengano. Mhubiri akilibadilisha na kusema "umbali," ataupata urefu wa njia, lakini ataupoteza ule utengano, na habari yenyewe itapoa.

Basi shauri langu ni fupi. Tukiuliza kipimo, tuseme umbali. Tukiuliza safari, tuseme mwendo. Tukitaka moyo, nasaba, au wakati, tuliache mbali lifanye kazi yake ya zamani. Nami nimelitafuta daftari la mtoto yule, nikaifuta alama niliyoitia, na mbele ya jina lake katika orodha nimeandika, "Kilomita tatu, masika, mwendo wa saa mbili." Wasomaji wa sehemu nyingine, wenye maneno mengine ya jambo hili katika lugha zao za nyumbani, na watuandikie, ili tupate kusahihishana.