Ajali na Adhabu: Hotuba Moja ya Charles Haddon Spurgeon

Mahubiri yaliyopigwa chapa ni kitu kigumu kukihukumu. Si maandishi halisi, kwa kuwa yalizaliwa kinywani. Wala si sauti tena, kwa kuwa sauti imekwisha kuondoka, na mkono wa mhubiri, na kimya cha watu waliomsikiliza, vyote vimeondoka pamoja nayo. Kwa sababu hiyo wahakiki wengi huyapita na kuwaachia wanachuoni wa dini. Charles Haddon Spurgeon, mchungaji wa Kibatisti wa London aliyeishi tangu 1834 mpaka 1892, amepatwa na jambo hilo kuliko wengine. Hutajwa sana kwa wingi wa watu aliowavuta; ni mara chache asomwapo kama mtu aliyejua kazi ya maneno.

Hesabu zake ni kubwa kweli. Alipoitwa kulichunga kanisa la New Park Street mwaka 1854 alikuwa na umri wa miaka 19, wala hakuwa amesoma chuo kikuu chochote. Tarehe 7 Oktoba 1857, siku ya mfungo wa taifa kwa ajili ya vita vya India, alihubiri katika Crystal Palace mbele ya watu 23,654. Mahubiri yake yalianza kutolewa kila juma mwezi wa Januari 1855, na kifo chake hakikuyakomesha. Yaliendelea kutoka mpaka 1917, ukosefu wa karatasi wakati wa Vita Kuu ulipoyasimamisha, nayo yalikuwa yamejaza juzuu 63 na idadi yake kupita 3,500. Lakini hesabu haimwambii mtu kama ukurasa wafaa kusomwa.

Lifaalo kuangaliwa kwanza ni jinsi ukurasa huo ulivyotengenezwa. Spurgeon hakuandika hotuba kabla ya kuihubiri. Jumamosi jioni alichagua aya na kupanga vichwa vya maneno yake, na siku ya pili alipanda mimbarini na kipande cha karatasi chenye maneno machache. Mwandishi wa hati mkato aliyanasa aliyoyasema. Jumatatu mhubiri mwenyewe alishika kalamu akayasahihisha. Alhamisi yalikuwa yakiuzwa kwa peni moja. Basi kila hotuba imepita mikononi mwa watu wawili, ambao ni mtu mmoja: yule wa Jumapili aliyesema mbele ya maelfu, na yule wa Jumatatu aliyekaa peke yake na karatasi. Huyu wa pili ndiye aliyesahauliwa na wenye kumsifu. Yeye ndiye aliyeamua ni kiasi gani cha mazungumzo kibaki, swali gani liachwe bila jibu, mfano gani wa dukani au wa jikoni usafishwe na upi uachwe na vumbi lake. Kiingereza chake ni chepesi, kiko karibu na cha Bunyan, ambaye alimsoma tena na tena tangu utoto. Sentensi zake humwendea msomaji mmoja, si umati.

Hata hivyo ukurasa husafiri bila mwenyewe, na njiani huweza kutendwa lolote. Ilipodhihirika kwamba katika chapa za Marekani maneno yake dhidi ya utumwa hayakuonekana, aliandika waziwazi mwaka 1860 akiulaani utumwa, na vitabu vyake vikachomwa moto katika majimbo ya kusini.

Miongoni mwa mahubiri hayo mengi iko hotuba ya 408, iliyohubiriwa tarehe 8 Septemba 1861 katika Metropolitan Tabernacle, jengo lililofunguliwa mwaka ule ule. Jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema "Ajali, si Adhabu". Uingereza ilikuwa katika msiba. Jumapili ya tarehe 25 Agosti magari ya moshi yaligongana katika handaki la Clayton, kwenye reli ya Brighton, wakafa watu 23. Tarehe 2 Septemba, huko Kentish Town, wakafa 16 wengine. Mhubiri alichukua maneno ya Injili ya Luka, sura ya 13, juu ya Wagalilaya waliouawa na Pilato na watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu.

Wako waliosema kwamba abiria wa Clayton waliadhibiwa kwa sababu walisafiri siku ya Bwana. Hapa ndipo hotuba hii inapopata nguvu yake, maana hoja hiyo ilikuwa hoja ya watu wa upande wake mwenyewe. Spurgeon aliiheshimu Jumapili na kuwataka wengine waiheshimu. Kama angetafuta silaha ya kuwatisha wavunjao siku hiyo, silaha ilikuwa imelala mbele yake, imenolewa kwa damu ya juzi. Akaikataa, na kuiita upuuzi. Hakuikataa kwa huruma tu, bali kwa fikira. Mtu afasiriye kila ajali kuwa hukumu, asema, ameyafanya maongozi ya Mungu, ambayo ni kilindi, kuwa dimbwi la maji machache. Mfano huo ni wa mshairi. Wafaa kwa sababu haumtetei marehemu kwa kumtakasa. Wamshitaki anayemhukumu kwa kumwonyesha kwamba akili yake ni fupi, naye hajui ni fupi. Msomaji wa pwani, azoeaye kusikia watu wakiulizana ni dhambi ya nani kila jahazi linapozama, hatahitaji mfano huo ufafanuliwe.

Uzito wa maneno hayo hauonekani wote ukurasani, na mhakiki hana budi kurudi nyuma miaka mitano. Usiku wa tarehe 19 Oktoba 1856 Spurgeon, kijana wa miaka 22, alikuwa akiongoza ibada kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa muziki wa Surrey Gardens, uliojaa watu wapatao elfu kumi. Mtu alipiga ukelele wa moto, na moto haukuwapo. Watu wakakanyagana ngazini. Saba wakafa na wengi wakaumia. Aya aliyokuwa ameiandaa kwa usiku huo ilitoka katika Mithali, sura ya 3, nayo yasema juu ya laana ya Mungu iliyo katika nyumba ya mtu mwovu. Magazeti yalimlaumu vikali. Yeye mwenyewe alivunjika moyo hata akili yake ikakaribia kupotea, na huzuni iliyoanza au iliyozidi siku hizo haikumwacha kabisa. Mwaka 1875, katika mihadhara yake kwa wanafunzi wa uchungaji, alitoa sehemu nzima kueleza jinsi mtumishi wa dini anavyoweza kuzama katika majonzi bila sababu ionekanayo. Mtu huyo alipinga mwaka 1861 kwamba maafa ni hati ya hukumu. Kama hoja aliyoipinga ingekuwa kweli, basi wale saba walikuwa wamehukumiwa nyumbani mwake, na aya ya laana mikononi mwake. Wasikilizaji wa London hawakuwa wamesahau.

Isidhaniwe kwamba hotuba yote ni ya daraja moja. Nusu ya pili huigeukia sehemu nyingine ya maneno ya Yesu, onyo la kwamba wasiotubu wataangamia vivyo hivyo, na hapo sauti yabadilika. Waliokufa, ambao punde walikuwa wamelindwa wasifanywe ushahidi wa mtu yeyote, sasa waitwa tena ili waliohai watetemeke. Mtu aweza kumtetea Spurgeon kwa kusema kwamba aya yenyewe ina pande hizo mbili, na kwamba onyo lawaangukia wote sawasawa, si wasafiri wa Jumapili peke yao. Utetezi huo ni wa haki. Lakini kwa kipimo cha fasihi haumwokoi. Nusu ya kwanza yafikiri. Nusu ya pili yasukuma. Maswali ya kwanza hutaka jibu, na yale ya mwisho hutaka machozi. Huenda yalipata yalichotaka kwa sauti ya mhubiri, ambayo kwa habari zote ilikuwa ya ajabu, karatasini yamekauka. Hii ndiyo kasoro ya mamia ya mahubiri yake mengine, ambayo huanza na kuona na kuishia katika kushika bega la mtu. Ni ajabu kwamba mtu wa Jumatatu, aliyekuwa mkali katika mengine, hapa alimwachia mtu wa Jumapili.

Nakala moja ya hotuba hii ilifika barani Afrika. David Livingstone, Mskoti asiyekuwa Mbatisti, aliichukua katika safari zake, na baada ya kifo chake huko Chitambo mwaka 1873 ilionekana kati ya vitu vyake, imegeuka rangi, na binti yake akampa Spurgeon. Haifai kubuni kisa cha jinsi ilivyosomwa. Yajulikana tu kwamba mwaka 1862 Livingstone alimzika mkewe Mary huko Shupanga, kando ya Zambezi, na kwamba katika safari zake aliwazika wenzake wengi. Juu ya karatasi hiyo aliandika kwa mkono wake kwamba ni nzuri sana, akatia herufi mbili za jina lake. Hakusema ni nusu ipi iliyompendeza.