Superman na Risasi za Rufiji

Hapa Mkongo tumevisoma kwa mfululizo vitabu vya katuni za Superman, tangu toleo la Juni 1938 hadi kifo chake kilichochapishwa mwaka 1992. Vya mwanzo ndivyo bora: humo anamfundisha adabu mwenye mgodi anayewadhulumu wachimbaji. Baadaye anasukuma hata sayari, na hadithi inapwaya.

Lakini risasi zinazodunda kifuani pake haziwezi kumchekesha msomaji wa Rufiji. Ahadi hiyo ilitolewa huku. Kinjikitile wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na maelfu walioamini maji yake wakaanguka mbele ya bunduki za Wajerumani.

Wahubiri wanaomfananisha Superman na Kristo, ati kwa kuwa alirudi hai mwaka 1993, na wautazame mwili wake. Tomaso asingepata pa kutia kidole.