Punje Kumi Katika Kitambaa

Kila mwaka, mvua za vuli zikikaribia Machakos, mama huchota punje kumi za mahindi ya Katumani, yale yaliyozalishwa katika kituo cha utafiti kusini mwa mji ili yakomae kabla ukame haujayakuta. Huzikunja katika kitambaa kilicholowa, akazihifadhi siku kadhaa, kisha hukikunjua na kuhesabu zilizoota. Nane.

Kazi hii niliipenda tangu utotoni, ila uzuri wake niliuona siku nilipojiuliza: akichota kumi nyingine kutoka debe lile lile, zitaota nane tena? Si lazima. Tuseme kweli mbegu hizo huota nane kwa kumi. Rudia jaribio mara 100, na kila mara weka punje moja mezani, kwenye safu ya hesabu uliyoipata. Kwa wastani, safu ya nane itapata punje 30, ya tisa 27, ya saba 20, ya kumi 11, ya sita 9. Tatu zilizosalia zitaangukia tano au chini yake. Hapo kilima kimesimama mezani. Kilele ni nane. Kulia kimekatika ghafla, kwani hakuna kumi na moja. Kushoto kinateremka taratibu. Ndio mgawanyo wa kibinomia, ambao Jacob Bernoulli aliueleza katika kitabu kilichochapishwa 1713, miaka minane baada ya kifo chake.

Kwa hiyo sita hazimtishi mama. Akitaka uhakika hukunja punje 100, na kilima hicho kipya hulingana karibu pande zote mbili: zaidi ya mara 95 kati ya 100, hesabu huwa kati ya 72 na 88.

Sasa tazama shamba. Ukitia punje moja moja, mashimo 20 kati ya 100 yatabaki matupu. Mbili mbili, manne. Tatu tatu, halifiki hata moja! Wazee waliotia tatu tatu walikwisha kuipima hesabu hiyo, msimu baada ya msimu.

Lakini kilima kina sharti lake: kila punje iote, au isiote, kwa bahati yake yenyewe. Mvua ikinyesha siku mbili ikakatika, punje zote hupatwa na msiba mmoja, na hata tatu tatu hazikuokoi. Mama hapandi debe zima kwa siku moja. Nusu hubaki juu ya moshi wa jikoni, hata wingu liwe jeusi namna gani.