Nguvu na Mapendo: Tunasoma Tena Kitabu cha Padri Tempels

Wanaopima ustaarabu wa taifa wamezoea kuhesabu barabara, mashini na nyumba za matofali. Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933, alitafuta kipimo kingine. Kitabu chake, La philosophie bantoue, kilichotoka kwa Kifaransa huko Elisabethville (leo Lubumbashi) mwaka 1945, kinafundisha kwamba kwa Muntu, kuwako ni kuwa na nguvu ya uzima. Nguvu hiyo inazidi ao inapunguka kwa kadiri ya vifungo vyake na wazazi, wazao na wafu.

Tunakubali bila kusita: siku zile wengi walidhani watu wetu hawana mawazo, na kitabu hiki kilikuwa neno la haki. Lakini Muntu wake hana jina wala kijiji. Padri alijifunza hasa kwa Baluba, kisha akasema kwa ajili ya Wabantu wote, neno ambalo jirani zao wengi wangelishangaa kulisikia. Tena, nguvu inatajwa kila mahali; mapendo ni haba.

Aimé Césaire alikidhihaki kitabu hicho katika Discours sur le colonialisme (tunasoma chapa ya 1955). Muntu asiyetaka mshahara ila heshima tu anawafaa sana wenye makampuni! Sisi wa Katanga hatuwezi kumcheka Césaire. Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kwa ajili ya mishahara walipigwa risasi Elisabethville, miaka minne tu kabla ya kitabu. Hao hawakuomba heshima peke yake.

Hata hivyo lazima tuseme pia habari ya Musonoi, karibu na Kolwezi. Huko, tangu 1953, Padri alipunguza kuandika juu ya watu, akazidi kukaa nao, na Jamaa ikazaliwa, pamoja na maneno yake matatu: uzima, uzazi, mapendo. Watu wa kambi walikusanywa na kazi, si na damu. Kila mmoja aliacha ukoo wake mbali. Katika Jamaa bwana na bibi waliingia pamoja, wakajifunza kusemezana, nao wenzao wakawaita baba na mama. Kwa maoni yetu, hapa Padri alijibu vizuri kuliko kitabuni: mapendo yalijenga ukoo mpya pahali ambapo kampuni ilijenga nyumba tu.

Tusijidanganye. Mapendo hayo hayakuongeza mshahara, na wapendanao wanaweza kuwafungia wengine mlango. Padri aliondoka Kongo mwaka 1962. Katika miaka ya 1970 maaskofu walilazimika kuwaonya watu wa Jamaa, na wengine walitengwa.

Mseminari anayepewa kitabu cha 1945 peke yake amepewa nusu. Apewe Césaire jioni ileile, kisha Jumapili atumwe kwa baba na mama wazee wa Jamaa, awaulize walisemezana nini nyumbani mwao.