Katarina wa Rumonge

Mnamo 1598 hivi, mjini Roma, Caravaggio alimchora Mtakatifu Katarina wa Aleksandria, na aliyemkalia kama kielelezo ni Fillide Melandroni, kahaba aliyejulikana mji mzima. Picha hiyo iko Madrid, katika makumbusho ya Thyssen-Bornemisza. Mwanamke ameegemea gurudumu lililovunjika, upanga mikononi, mwanga ukimshukia kutoka kushoto. Miguuni pake kuna mto mwekundu na kuti la mtende, alama ya waliouawa kwa ajili ya imani. Anatutazama bila kuomba radhi kwa yeyote.

Kila kilichomo katika picha ile, Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi, inacho. Makuti yamejaa, maana huu ni mji wa mawese. Gurudumu liko kwenye baiskeli ya mchukuzi wa madumu ya mafuta, na panga la kukatia mikungu ya michikichi liko nyuma ya mlango. Mwanga nao ni wa kuonea wivu: jioni jua hushuka upande wa Kongo, miale ikavuka ziwa na kuingia dirishani ikiwa imelala, laini, yenye rangi ya dhahabu. Na akina Fillide wapo, kama walivyo katika kila mwalo ambako samaki, ndagala na mukeke, hugeuka pesa taslimu kabla hakujapambazuka. Majirani huwaita indaya, yaani malaya, tena kwa sauti ya kutema.

Naisifu kazi ya mpiga picha anayekwenda kwa wanawake hao kuwaomba wamkalie kama watakatifu wa michoro ya kale. Ni ufundi mgumu, na sehemu yake kubwa hufanyika kamera ikiwa bado mkobani. Kwanza ajue kalenda ya ziwa. Wavuvi huvua kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikikolea mitumbwi hupumzika, pesa hukauka, na mwanamke huyu hupata nafasi mchana, lakini pia ana shida. Hapo ndipo heshima inapopimwa. Alipwe ujira wa kazi ya kukaa, waelewane mapema, asipunjwe kwa sababu ana njaa. Kisha aonyeshwe michoro, achague mwenyewe atakuwa nani. Anayetaka upanga apewe panga. Anayetaka kuwa Maria avae vazi la imvutano la bluu, aketi atakavyo.

Halafu mwanga. Dirisha moja linatosha, ubao wake ukifungwa nusu. Upande wa pili litundikwe shuka jeupe ili kivuli kisimeze shavu. Tone la mawese, likipakwa kwa kidole juu ya mfupa wa bega na pembeni mwa paji, huifanya ngozi nyeusi iushike mwanga na kuurudisha. Hapa wengi huharibu: huiacha kamera ijipimie yenyewe, nayo huliona shuka na kuuzima uso. Tusisahau kwamba kwa miaka mingi Kodak ilisawazisha rangi za picha kwa kadi zenye sura ya mwanamke mzungu. Fundi hupima mwanga shavuni, na kama shuka litaungua kwa weupe, na liungue.

Hatari kubwa zaidi ni maelezo yanayoandikwa chini ya picha. Sheria ya Burundi inaadhibu ukahaba, na picha moja ikiingia kwenye simu za watu huweza kumfukuzisha mtu kwenye nyumba ya kupanga. Mnamo 1912 hivi, mpiga picha E. J. Bellocq aliwapiga picha wanawake wa Storyville, mtaa wa makahaba wa New Orleans, baadhi yao wakiwa wametulia kabisa mbele yake. Vilibaki vioo 89 vya picha hizo, na katika baadhi yake uso umekwanguliwa. Mimi naona hapo ndipo mchoro wa kale unapomkinga mwanamke wa Rumonge: anaonekana uso mzima, lakini anayeonekana ni Katarina. Kazi yake isiandikwe popote. Nakala ya kwanza iwe yake, na akisema ifutwe, ifutwe mbele yake.

Wapo watakaosema huku ni kuupaka uchafu utakatifu. Maneno hayo ni ya zamani. Watawa wa kanisa la Santa Maria della Scala waliikataa picha ya "Kifo cha Bikira Maria" ya Caravaggio, na miongoni mwa sababu zilizosemwa ni kwamba mwili ule ulikuwa wa kahaba. Mnamo 1607 ikanunuliwa kwa ajili ya mtawala wa Mantua, na sasa iko Louvre, Paris. Watawa wale walikosea. Waliona aliyekuwa amelala pale, wasione jinsi alivyoliliwa.

Kwa hiyo nyinyi vijana wa Rumonge na Nyanza-Lac mnaopiga picha za harusi na za vitambulisho, mashine mnazo na jua mnalo. Nendeni mkawaombe kwa adabu, muwalipe, na wakikataa muwaage vizuri.